Tanzania: Dirisha la chumba cha mtoto jijini Dar es Salaam, na pazia lisilomaliza mfuko

Katika maduka na vibanda vya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, mapazia huning'inizwa kutoka mlangoni hadi ndani kabisa, na mnunuzi anayesimama kutazama huulizwa kwanza swali moja: unataka rangi gani? Swali hilo linafaa kwa sebule. Kwa chumba anacholala mtoto mdogo, rangi ndiyo inayopaswa kuulizwa mwisho. Dirisha la chumba hicho lina kazi kadhaa zinazogombana: liingize hewa, lizuie mbu, lipunguze mwanga, lisitiri, na pamoja na hayo yote lisimdhuru mtoto mwenyewe. Mzazi mwenye fedha kidogo hawezi kulipia yote kwa mkupuo mmoja, hivyo hana budi kujua lipi litangulie.

Jambo hili si la majirani zetu peke yao. Joto la Dar es Salaam halitofautiani sana na lile linalofahamika kwa wakazi wa Buyenzi, wa Rumonge na wa tambarare yote ya Imbo. Mbu ni wale wale. Tena bidhaa nyingi zinazouzwa katika masoko ya Burundi huteremshwa katika bandari ya Dar es Salaam, na wafanyabiashara wetu huenda Kariakoo kununua majora ya vitambaa na marobota ya mitumba. Kinachoangikwa dirishani kule, baada ya muda huangikwa dirishani huku.

Tuanze na mbu, kwa kuwa hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Wazazi wengi huamini kwamba pazia zito likifungwa jioni, mbu hawaingii. Pazia halizuii mbu. Kitambaa kinachoning'inia huacha upenyo pembeni, juu na chini, na mbu hahitaji zaidi ya hapo. Isitoshe, mbu hupenda kupumzika mahali penye kivuli na giza, na mikunjo ya pazia zito ni mahali pa namna hiyo hasa. Anayetaka kuhakikisha alitikise pazia la chumba chake asubuhi, aone kitakachoruka.

Mbu aenezaye malaria, anofelesi, huuma usiku, na huuma zaidi watu wakiwa wamelala. Hapa Burundi hatuhitaji kukumbushwa uzito wa ugonjwa huo, kwani mwezi Machi mwaka 2017 serikali ilitangaza rasmi kwamba nchi imekumbwa na mlipuko wa malaria. Lakini Dar es Salaam ina adui wa pili. Mwaka 2014, na tena mwaka 2019, jiji hilo lilikumbwa na homa ya dengi, ambayo huenezwa na mbu wa aina nyingine, aedesi, anayeuma mchana. Hapo ndipo dirisha la mtoto linapopata umuhimu wa pekee. Mtoto wa miaka miwili hulala mchana, na aghalabu wakati huo chandarua kimekwisha kukunjwa na kufungwa juu ya kitanda. Kinachobaki kumkinga ni kile kilichopigiliwa dirishani.

Kinachokinga ni wavu. Mwaka 2009 watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Afya ya Ifakara ya Tanzania, walichapisha makala iliyozitaja nyavu za madirishani, dari, na kuzibwa kwa nafasi iliyo kati ya ukuta na paa, kuwa njia ya kudumu ya kupambana na malaria jijini Dar es Salaam. Mwaka huo huo jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa nchini Gambia, Afrika Magharibi, ambako nyumba 500 ziligawanywa kwa kura: nyingine ziliwekewa nyavu katika milango, madirisha na nafasi za paa, nyingine ziliwekewa dari ya wavu tu, na nyingine ziliachwa kama zilivyokuwa. Baada ya msimu wa malaria, katika nyumba zilizoachwa bila kitu, watoto 30 kati ya kila 100 walikutwa na upungufu wa damu. Katika nyumba zilizowekewa nyavu kamili walikuwa 19, na katika zile zenye dari ya wavu walikuwa 20. Kwa mzazi anayehesabu fedha zake, tofauti hiyo ndiyo jibu. Shilingi au faranga ya kwanza iende kwenye wavu, na pazia lingojee.

Wavu wa nailoni ni rahisi kuliko ule wa aluminiamu, ingawa huchakaa mapema kwa jua. Tundu lake lisizidi milimita moja na nusu. Matundu makubwa kuliko hapo hupitisha mbu, na yaliyo madogo mno huzuia hewa, hasa yakijaa vumbi. Kwa sababu hiyo wavu hupigwa brashi na kuoshwa kila baada ya majuma machache. Mpangaji, naye ni mtu wa kawaida sana Dar es Salaam, asipigilie wavu moja kwa moja kwenye fremu ya mwenye nyumba. Amwambie seremala amtengenezee fremu nyembamba ya mbao inayoingia sawasawa katika uwazi wa dirisha, wavu upigiliwe juu ya fremu hiyo, na kingo zizibwe kwa vipande vya sponji au kitambaa kilichokunjwa. Siku akihama, atahama na wavu wake. Upande wa luva, vile vioo vya vipande vinavyofunguka kwa mkono wa chuma, fremu hukaa ndani na kuachiwa nafasi ya mkono huo kupita. Wengi husahau nafasi hiyo, kisha hukata wavu kwa kisu ili wafunge luva wakati wa mvua, na kazi yote inakuwa bure.

Wavu wa dirisha haubatilishi chandarua cha kitandani. Wala haumzuii mtoto kuanguka: mtoto akiuegemea, hung'oka. Kinachomzuia ni nondo, na karibu kila dirisha la Dar es Salaam lina nondo kwa hofu ya wezi. Ni vema kuhakikisha kwamba angalau dirisha moja la nyumba lina nondo zinazofunguka kutoka ndani, na kwamba ufunguo wake unajulikana ulipo, kwa ajili ya moto.

Wavu ukishawekwa, kazi ya pazia hupungua, na bei yake nayo hupungua. Sasa linatakiwa kusitiri na kutuliza mwanga tu. Ni mwanga wa kiasi gani? Hapa wauzaji huwapotosha watu bila kukusudia. Katika maduka ya kisasa yapo mapazia mazito yenye tabaka la ndani lisilopitisha mwanga hata kidogo, na husifiwa kuwa ndiyo ya watoto. Sifa hiyo imetoka Ulaya pamoja na mapazia yenyewe. Kule, wakati wa kiangazi, jua huchelewa kutua hadi saa tatu au saa nne usiku, na mzazi anayetaka mtoto alale saa moja hana budi kutengeneza usiku wa bandia. Dar es Salaam iko takriban nyuzi saba kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi na kutua karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, likitangulia au kuchelewa kwa dakika chache tu. Bujumbura hali ni hiyo hiyo kwa saa zake. Usiku wetu huja wenyewe, bila kununuliwa dukani.

Mwanga unaowasumbua watoto wa Dar es Salaam ni wa namna nyingine: taa ya usalama ya jirani inayomulika dirishani usiku kucha, taa ya barabarani, au taa ya duka la ng'ambo ya uchochoro. Kwa mwanga huo, pazia la kawaida la pamba lililoshonewa bitana linatosha. Bitana ikiwa nyeupe na kuelekea nje, mchana hurudisha sehemu ya mwanga wa jua kabla haujapasha joto chumba.

Joto lenyewe lina hesabu yake. Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua la mchana hupita juu ya paa, kwa hiyo madirisha ya kaskazini na kusini hayateseki sana. Linaloteseka ni dirisha la magharibi, ambalo jua la alasiri huliingia kwa ulalo na kupasha ukuta na kitanda moto ambao hauondoki hadi usiku wa manane. Pazia la ndani, hata liwe la bei gani, hulikuta joto limekwisha kupita kwenye kioo. Kinachosaidia zaidi ni kivuli cha nje: mkeka wa ukindu ulioangikwa juu ya dirisha kwa misumari miwili na kuteremshwa kuanzia saa nane, au kipande cha turubai kilichowambwa kama kibaraza. Mkeka uliokwisha kuchakaa, usiofaa tena kukaliwa na wageni, unafaa sana kwa kazi hii.

Sasa kitambaa. Tuchukue dirisha la kawaida lenye upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 120. Fimbo ya pazia inapaswa kuzidi dirisha kwa sentimita 15 kila upande, yaani iwe na sentimita 150, ili mchana pazia lisogezwe pembeni lote na dirisha libaki wazi. Kitambaa, ili kipate marinda kikifungwa, kinatakiwa kiwe na upana wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya fimbo. Kwa kwenda chini, kianze sentimita 10 juu ya dirisha na kuishia sentimita 20 chini yake: jumla 150, na pamoja na upindo wa juu na wa chini, vipande vikatwe kwa sentimita 170.

Kitenge cha yadi sita kina urefu wa karibu mita tano na nusu, na upana wake ni kama sentimita 115. Vipande vitatu vya sentimita 170 ni mita tano na sentimita kumi. Kitenge kimoja, basi, kinatosha dirisha zima, chenye marinda ya kutosha, na hubaki kipande cha kushonea foronya ndogo. Fundi cherehani wa mtaani huimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi, kwa kuwa ni mishono iliyonyooka.

Kanga ni rahisi zaidi, kwani haihitaji hata kukatwa. Doti moja ina kanga mbili, kila moja ikiwa na upana wa takriban sentimita 150 na kimo cha takriban sentimita 110. Zikiangikwa kwa ulalo wake wa kawaida, zinatoa upana wa sentimita 300, ambao ni mara mbili kamili ya fimbo yetu, lakini kimo chake kinafaa dirisha fupi lisilozidi sentimita 90. Kwa dirisha letu la 120 itabidi zisimamishwe wima, na hapo jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa karibu na pindo, litasomeka kwa kuinamisha shingo. Wapo watakaoliona hilo kuwa kasoro. Hata hivyo, mtoto anayeanza kusoma hupata faida kwa kuwa na maneno dirishani, ilimradi mama achague jina linalostahili kusomwa na mtoto, maana si majina yote ya kanga yametungwa kwa ajili ya masikio yake.

Mapazia ya mtumba huwa mazuri na mara nyingi ni mazito kuliko mapya ya bei hiyo hiyo. Yakaguliwe kwa kuinuliwa juani: sehemu iliyopigwa na jua kwa miaka huonekana nyembamba, na ikivutwa kidogo huchanika. Yanuswe pia, kwa kuwa harufu ya ukungu haiondoki kwa kufuliwa mara moja. Yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani kabla ya kuangikwa, hasa mtoto akiwa na pumu. Mengi yameshonwa kwa madirisha marefu ya Ulaya. Yasiachwe kuburuta sakafuni, bali yakatwe. Pazia refu chumbani mwa mtoto hupandwa, huvutwa, na huangusha fimbo juu ya kichwa cha anayevuta. Linapogusa sakafu hufikiwa pia na dawa ya mbu ya kuchoma inayowekwa pembeni usiku. Pamba huwaka, na poliesta huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Hakuna kitambaa cha bei nafuu kilicho salama mbele ya moto, kwa hiyo kinachowezekana ni kukifupisha na kuuweka moto mbali.

Yote haya yamesemwa kana kwamba mtoto ana chumba chake. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, familia hupanga chumba kimoja, au chumba na sebule, na kinachoitwa chumba cha mtoto ni pembe iliyotengwa kwa pazia. Pazia hilo la kugawa chumba ni pazia la mtoto kuliko lile la dirishani, nalo huangikwa bila kufikiriwa. Likifika kutoka darini hadi sakafuni, humkatia mmoja wa wanaolala humo hewa yote ya dirisha, na kwa kawaida anayekatiwa ni mtoto, kwa kuwa kitanda cha wazazi ndicho hukaa upande wa dirisha. Liachiwe nafasi ya shubiri mbili juu na shubiri moja chini. Liwe la kanga au kitambaa kingine chepesi. Na pale inapowezekana, upande wa dirisha apewe mtoto, mradi dirisha hilo lina wavu na nondo imara.

Vyumba vinavyotazama uchochoro vina shida nyingine: wazazi hufunga madirisha usiku wakiogopa wapita njia na vibaka wanaoingiza fimbo kati ya nondo kuvuta nguo. Kwa madirisha hayo pazia nusu hufaa. Waya wa pazia huwambwa katikati ya dirisha, kitambaa kikafunika nusu ya chini tu. Wa nje haoni ndani, na hewa ya joto hutokea nusu ya juu. Kwa kuwa kitambaa ni nusu, gharama nayo ni nusu.

Limebaki jambo moja, ambalo kwa uzito wake lingeweza kuwekwa mwanzo. Katika nyumba za ghorofa na zile zinazopangishwa pamoja na samani, hukutwa mapazia ya vibati au ya plastiki yanayopandishwa na kushushwa kwa kuvuta kamba, ambayo wengi huyaita blaindi. Kamba hiyo ni hatari kwa maisha ya mtoto. Nchini Marekani, tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa imeeleza kwamba kwa wastani watoto tisa wenye umri wa miaka mitano au pungufu hufa kila mwaka kwa kunyongwa na kamba za mapazia ya madirisha. Shirika la Uingereza la kuzuia ajali, RoSPA, linaeleza kwamba mtoto mdogo aliyenaswa shingoni anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde 15 na kufa ndani ya dakika mbili au tatu. Hapigi kelele, kwa kuwa koo limebanwa, na mama aliye jikoni hasikii kitu.

Ndiyo maana kuanzia Desemba 2018 kanuni za viwanda nchini Marekani zinataka mapazia ya aina hiyo yanayouzwa yakiwa tayari yasiwe na kamba zinazoweza kumnasa mtoto, na kuanzia Juni 2024 masharti makali yakafika hata kwa yale yanayotengenezwa kwa vipimo vya mteja. Mapazia ya zamani yaliyokwisha kutengenezwa hayakutoweka kwa sababu ya kanuni hizo. Pazia la namna hii likionekana kwa bei ya kutupa, lisinunuliwe kwa chumba cha mtoto. Yale ya plastiki yana sababu nyingine ya kuachwa yakiwa ya zamani sana: mwaka 1996 tume hiyo hiyo ilibaini kwamba baadhi ya yaliyoingizwa Marekani yalikuwa na madini ya risasi, ambayo plastiki ikichakaa kwa jua na joto hugeuka vumbi juu ya vibati, na vumbi hilo humezwa na mtoto anayegusa kisha kutia vidole mdomoni.

Aliyehamia katika nyumba yenye mapazia hayo na hana uwezo wa kuyabadilisha mara moja, akate kitanzi cha kamba ili zibaki ncha mbili, kisha azifupishe na kuzizungushia kwenye kishikizo kilichopigiliwa ukutani, angalau mita moja na nusu kutoka sakafuni. Kimo hicho hakina maana iwapo chini yake kuna kiti, sanduku au kitanda cha kupandia. Kitanda cha mtoto kisogezwe kwanza, leo hii, kabla ya kwenda sokoni kuuliza bei ya kitambaa.